Jibu Chini ya Mialoni

Asmahan alifunga kamba za raba zake, akazifungua, akazifunga tena. Baba yake alikuwa bado ghorofani. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa moja na nusu asubuhi, na treni ya kwanza kati ya mbili walizotakiwa kupanda kabla ya basi isingewangoja.

Mzee Jaffar aliposhuka alikuwa amevaa koti lake la sufu la Ijumaa, kofia ya kiua, na suruali ya suti aliyoichomeka ndani ya soksi ndefu nyeusi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na goti la kushoto lililomsumbua tangu alipoacha kazi ya ufundi mashine. Binti yake alizitazama zile soksi, akataka kusema neno, akaliacha.

"Kijana wako amesema kuna baiskeli ya kukodi," mzee alisema. "Mimi siwezi kukimbia, lakini baiskeli naijua tangu sijaota ndevu. Twende."

Hakuwa amemwita Rashad kwa jina lake hata siku moja. Kwa miezi minne sasa, tangu ami yake Rashad alipokuja kwao Great Barr, Birmingham, na ujumbe wa posa, alikuwa akisema kijana wako, au yule Mpemba, au yule wa msituni. Posa hakuikataa wala hakuikubali. Alimkaribisha mgeni, akamnywesha chai ya tangawizi, akasema atafikiri. Na tangu siku ile aliendelea kufikiri kwa namna ya mtu anayetumaini kwamba jambo litajichosha lenyewe liondoke.

Aliyesema kwa niaba yake alikuwa dada yake, shangazi Mwanamkasi, aliyekaa mitaa miwili kutoka kwao na aliyekuwa na ufunguo wa mlango wao. Shangazi hakuwa na kinyongo na Rashad mwenyewe. Alikubali kwamba ana adabu, anaswali, na watu wa kwao Wete wanajulikana. Tatizo lilikuwa pale anapokaa. Mji mdogo pembezoni mwa msitu, saa nzima na zaidi kutoka Birmingham, hakuna Mzanzibari hata mmoja, na mwanamke akiugua hakuna wa kumbishia hodi akamletea uji. Ndoa ya kwanza ya Asmahan ilivunjika akiwa na watu wa kwao kila upande, alisema. Je, hii ya pili ikimshinda huko porini, atamlilia nani?

Asmahan alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini, na kutwa nzima alikuwa akiwaambia watu wavute pumzi na waishike. Alipokuwa na miaka ishirini na minne aliolewa na mtoto wa rafiki wa baba yake, mtu mpole wa kutazama, ambaye alikaa naye miezi kumi na moja na hakuwahi kumuuliza jambo lolote zaidi ya chakula kiko wapi. Kumbe alikuwa na mwingine London kabla ya harusi. Talaka ilikuja kwa barua. Akarudi nyumbani na masanduku yake mawili, na kwa kuwa hakuweza kukaa ndani kusikiliza wageni wakishusha sauti kila anapopita sebuleni, alianza kutoka asubuhi kukimbia. Mara ya kwanza alizunguka bwawa la bustani ya mtaa mara moja, akatapika. Baada ya mwaka alikuwa akikimbia kilomita kumi pamoja na kikundi cha akina mama, wengine wa kwao, wengine Wahindi, wengine Waingereza. Kiongozi wao, Jaswinder, ndiye aliyewapeleka Bewdley, ule mji wa pembezoni mwa msitu, kwa mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, akawakabidhi kwa mtunza msitu awaonyeshe njia.

Mtunza msitu akasema "Good morning" kwa matamshi ambayo Asmahan aliyajua mara moja. Akamjibu kwa Kiswahili. Wote wawili wakasahau kidogo kilichowaleta.

Rashad alikuwa amesomea misitu Morogoro, akaja Uingereza kuongeza shahada, na alipomaliza akapata kazi ya kutunza msitu wa miti ya mialoni. Mwaka huu alikuwa amepewa kazi aliyoipenda kuliko zote: kupanga njia za kukimbilia zinazoanzia mjini, kwenye daraja la mawe, na kuingia msituni. Njia zilikuwa tatu. Fupi ilifuata mto Severn. Ya kati ilifuata reli ya zamani iliyokwisha kung'olewa. Ndefu iliachana na reli, ikapanda mlima katikati ya mialoni mikongwe, ikateremka upande wa pili kwenye kijito cha Dowles. Alichimba mwenyewe mashimo ya vigingi vya alama. Na kila alipomaliza kipande aliliomba kundi la Jaswinder lije kukijaribu, na kila mara aliyeulizwa maoni wa kwanza alikuwa Asmahan. Mteremko huu unateleza? Hapa alama inaonekana? Ukifika hapa umechoka, ungependa njia ipinde au inyooke?

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Asmahan maswali mengi kiasi kile. Alianza kuyangoja wiki nzima. Rashad hakuwahi kumgusa hata kidole, lakini alikuwa na namna ya kusikiliza jibu lake huku amemtazama, kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi, na Asmahan akirudi kwenye treni aliona mwili wake wote umechangamka kwa jambo ambalo halikuwa mbio. Mwezi wa Juni Rashad alimwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa, na akamuuliza kama atumwe mtu. Asmahan alisema atumwe.

Halafu ikaja ile miezi minne. Na Jumatano iliyopita, wakati wa chakula, baba yake aliweka kijiko chini akasema, "Jumamosi nitakwenda na wewe. Nikaione hiyo njia mnayoikimbia."

*

Rashad aliwangoja kituo cha basi, juu ya ile barabara pana ya Bewdley inayoteremka kutoka kanisani hadi mtoni. Alikuwa amevaa koti la kazi la kijani, na kando yake baiskeli mbili, moja kubwa na moja ya wastani, kwa sababu hakujua kimo cha mzee na hakutaka kumuuliza Asmahan kwa simu. Alimwamkia mzee, akambusu mkono. Mzee Jaffar aliupokea ule uso ulioinama, akazikagua zile baiskeli kama mtu anayenunua ng'ombe, akibonyeza tairi, akizungusha pedali kwa mkono, akachukua ile ya wastani na nyingine ikabaki kituoni.

Waliteremka hadi mtoni kwa miguu. Nyumba za matofali mekundu zenye madirisha meupe zilikuwa zimejipanga kando ya maji, kongwe na safi, na bata walikuwa wamelala kwenye ngazi za mawe. Mzee Jaffar alisimama katikati ya daraja, akatazama chini, akatazama juu ya paa za nyumba ambako msitu ulianza, wote ukiwa wa rangi ya shaba asubuhi ile. Rashad akamweleza kwamba zamani hapa palikuwa bandari ya majahazi ya mto, na magome ya mialoni yalitumika kulainishia ngozi. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akauliza msikiti uko wapi.

"Uko Kidderminster, mzee wangu. Ijumaa nakwenda kwa baiskeli. Dakika ishirini na tano."

"Na mvua?"

"Na mvua."

Walianza mbio kwenye reli ya zamani. Rashad na Asmahan walikimbia mbele, wakiacha nafasi ya mtu mzima kati yao, na Mzee Jaffar akafuata nyuma juu ya baiskeli, mgongo wima, koti la sufu likipepea. Njia ilikuwa bapa na pana. Majani yalidondoka bila upepo. Walisikia pumzi zao na mlio mdogo wa mnyororo nyuma yao.

"Umelala?" Rashad aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikulala. Wewe?"

"Nilipiga pasi koti hili mara tatu."

Asmahan alitabasamu, akageuza uso kidogo amwone, na papo hapo kengele ya baiskeli ikalia nyuma. Wote wawili wakasogea pembeni, kila mtu upande wake. Hapakuwa na mbwa wala mpita njia. Baada ya nusu kilomita Rashad alinyoosha mkono kumwonyesha kigingi kipya alichokipigilia wiki ile, mikono yao ikakaribiana, na kengele ikalia tena. Asmahan aliuma mdomo asicheke. Alimjua baba yake. Alijua kwamba nyuma pale uso wake haujabadilika hata kidogo.

Walipofika mahali ambapo njia ndefu inaachana na reli, ikawa wazi kwamba baiskeli haiwezi kupanda. Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imetambaa juu yake kama mishipa ya mkono. Rashad alipendekeza Asmahan aumalize mzunguko peke yake, kilomita nne, yeye na mzee wafuate reli taratibu, wakutane kwenye daraja dogo la mbao kijitoni. Alisema hivyo akimtazama mzee na wala si Asmahan, naye akatambua kwamba ndicho Rashad alichokingoja tangu asubuhi, nafasi ya kukaa na baba yake bila mtu mwingine.

"Nenda," baba yake alisema. "Hatutapotea."

Akaingia chini ya mialoni peke yake.

Mlima ulimchukua pumzi mara moja, na hilo lilimsaidia. Mialoni ya pale haikuwa mirefu sana. Ilikuwa na mashina yaliyojipinda na matawi yaliyotanda ovyo, na kokwa zake zilijaa njiani zikipasuka chini ya raba. Mbali kidogo paa wawili walisimama, wakamtazama, wakaondoka bila haraka. Aliijua njia hii kuliko mtu yeyote isipokuwa aliyeichora. Ile kona ya kushoto kabla ya kilele ilikuwa jibu lake yeye: alimwambia Rashad kwamba mtu akichoka hapendi kuona mlima wote mbele yake, afadhali aone kipande kipande. Wiki iliyofuata njia ilikuwa imepinda.

Juu kileleni alifikiria siku nyingine, ya miaka minane iliyopita. Baba yake aliingia chumbani kwake akiwa na kanzu mpya, akasimama mlangoni, akamuuliza kama ameridhia kuolewa na fulani bin fulani. Shangazi alikuwa amembana bega. Asmahan aliutazama mkeka, akahesabu mistari yake ya kijani, na kabla hajafika mwisho baba yake alikuwa ameshatoka, na sebuleni watu wakaanza kumshukuru Mungu. Leo, mteremko ulipoanza, aliona kwamba wakati ule ule huenda wanaume wawili wanaompenda wanazungumza juu ya maisha yake chini kule, na yeye hayupo. Akaongeza kasi.

*

Kwenye daraja la mbao baiskeli ilikuwa imelala ubavuni. Hapakuwa na mtu.

Aliita mara moja, akasikiliza. Kijito tu. Akafikiria goti la baba yake, akafikiria ile mizizi, akavuka daraja mbio na kuufuata ukingo. Aliwakuta kwenye kona ya kijito. Baba yake ameketi kwenye gogo, amekunja suruali, miguu yake imepauka kwa baridi, anamalizia udhu kwa maji ya Dowles. Rashad alikuwa amesimama hatua chache kando, ameshika koti la sufu la mzee mikononi kama mtumishi, na hakumtazama Asmahan machoni.

Hilo ndilo lililomjulisha kwamba kuna jambo.

Mzee Jaffar alijifuta uso kwa kitambaa chake. Akasema kwamba wamezungumza vizuri na wameelewana. Rashad ataacha kazi hii na kuhamia Birmingham. Yeye mzee ana mwenzake msikitini mwenye bohari kubwa, anayehitaji msimamizi mwenye elimu. Kufika mwezi wa Januari atakuwa ameshaanza. Nyumba watatafuta karibu na shangazi. Mambo yakiwa hivyo, yeye hana pingamizi tena.

Aliyasema yote kwa utulivu, kama mtu anayetoa zawadi. Na Asmahan, aliyengoja neno lile kwa miezi minne, alisimama pale na jasho likimpoa mgongoni, akaona hasira inampanda polepole kutoka miguuni.

"Umekubali?" alimuuliza Rashad.

"Nimekubali."

"Uache huku."

"Nilidhani nikikataa nitakukosa," Rashad alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mti naweza kuuona hata bustanini, Asma. Wewe siwezi kukuona kwingine."

Maneno yale yangetosha kumyeyusha siku nyingine yoyote. Leo yaliongeza moto. Alimwambia, huku baba yake akisikia, kwamba hataki mtu aliyejikata nusu kwa ajili yake. Angekaa ndani ya bohari lile akihesabu makasha, na kila Oktoba angetazama dirishani, na asingelalamika, kwa sababu yeye si mtu wa kulalamika. Angenyamaza tu.

"Mume wa kunyamaza nimeshawahi kukaa naye," alisema. "Najua nyumba yake inavyokuwa. Mimi nimekuja kukutaka wewe kwa sababu unauliza. Leo hukuniuliza."

Mzee Jaffar alikuwa akivaa soksi zake, moja baada ya nyingine, taratibu mno. Alipomaliza alisema adhuhuri imeingia na wasiichelewe. Akauliza kibla kiko wapi. Rashad akamwelekeza kusini mashariki, kuvuka kijito, bila kuangalia chochote, kama anayejua mlango wa chumba chake.

Asmahan alishuka kijitoni kutawadha. Maji yalikuwa makali kiasi cha kumtoa machozi, na akashukuru kwamba kuna sababu ya machozi. Rashad alitandika koti lake la kijani kwa ajili ya mzee, yeye akasimama juu ya majani matupu, na Asmahan akasimama nyuma yao. Aliposujudu paji lake liligusa majani yaliyolowa, na harufu ya udongo ilimwingia hadi kifuani. Alimwomba Mungu ampe ulimi. Hakuomba kingine.

Baada ya salamu baba yake hakuinuka. Aligeuka pale pale alipoketi, akamwita binti yake asogee, akamwambia Rashad naye akae.

"Nataka kusema jambo, na huyu alisikie," alisema. Akalisugua goti lake. "Siku ile nilikuja chumbani kwako nikakuuliza. Ukatazama mkeka. Nikatoka nikawaambia watu umeridhia."

"Baba, hayo yameshapita."

"Hayajapita. Sheria inasema mwali akinyamaza amekubali, na mimi nilijificha nyuma ya sheria. Lakini mimi ni baba yako. Nilikulea. Kunyamaza kwako kwa kukubali nakujua, na kunyamaza kwako kwa kuogopa nakujua. Siku ile nilijua ni kupi. Nikajifanya sijui, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kukaa sebuleni na pilau limeshaiva."

Kijito kiliendelea kupita. Rashad aliinamisha kichwa.

"Ndiyo maana sikumjibu ami yake huyu," mzee aliendelea. "Dada yangu ana sababu zake, nami nilizichukua kwa kuwa zilinifaa. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kusema ndiyo tena. Nikaona nikikuweka karibu na sisi, mitaa miwili, mambo yakiharibika nitakuwa hapo. Nikamwambia huyu ahame. Naye akakubali kabla sijamaliza kusema. Nikafurahi. Halafu umekuja wewe umesema uliyosema." Alimtazama, na Asmahan aliona kwamba macho yake yamelowa. "Miaka minane sijakusikia ukisema unachotaka. Kumbe unaweza."

Asmahan alimshika mkono, ule mkono mkavu wenye makovu madogo ya vyuma.

"Sasa wewe si mwali," baba yake alisema. "Kunyamaza hakukubaliki. Mimi nakuuliza, na huyu hapa ni shahidi. Sema kwa kinywa chako."

Akasema. Sauti ilitoka ikitetemeka, kisha ikatulia.

"Namtaka Rashad, Baba. Namtaka akiwa hapa, na kazi yake hii. Na mimi nataka kukaa hapa naye. Kazini nitakwenda kwa basi na treni kama wanavyokwenda wengine. Nyumbani nitakuja kila wiki, na ukiumwa nitakuja usiku huo huo. Sikimbii watu wetu. Ila nikiwa huku napumua, na nataka unione nikipumua."

Jani moja lilimwangukia Mzee Jaffar begani, hakulitoa. Hatimaye alimgeukia Rashad na kumuuliza yeye anasemaje.

Rashad alikuwa akimtazama Asmahan. Alikuwa amesahau kabisa kwamba hilo halikufaa mbele ya mzee, na Asmahan naye hakuinamisha macho. "Nasema nimekosea, mzee wangu," alisema. "Nilimjibia swali lake. Sitarudia." Kisha akamwambia Asmahan mwenyewe, "Utakaa huku na mimi? Nakuuliza sasa."

"Nitakaa."

Mzee Jaffar aliinua mikono akasoma Fatiha. Wote watatu walijipangusa nyuso, na hakuna aliyeinuka mara moja. Jua lilikuwa limepata upenyo kati ya mashina, likawaangukia miguuni, na Asmahan aliona kwamba zile soksi nyeusi za baba yake zimejaa vipande vya majani. Akaanza kuvitoa kimoja kimoja. Baba yake alimwachia.

*

Walirudi mjini polepole, mzee akikokota baiskeli kwa sababu goti lilikuwa limekakamaa, Rashad akimwomba aisukume yeye na mzee akikataa. Njiani alianza kuuliza maswali. Mti huu una umri gani. Wakiukata wanapanda mwingine? Nyoka wapo? Rashad alijibu kila moja, na kila jibu likazaa swali jingine. Walikula samaki na chipsi kwenye benchi kando ya mto, na mzee akasema samaki si mbaya, hana chumvi tu. Kuhusu shangazi Mwanamkasi, alisema wamwachie yeye. Atapiga kelele siku tatu, ya nne atauliza mapazia ya nyumba yana upana gani.

Basi lilipokaribia kuja alimwambia Rashad amlete ami yake Jumapili ya wiki ijayo.

"Safari hii nitamjibu," alisema. "Na uje na wewe, Rashad."

Rashad alisikia jina lake. Aliinama kuubusu ule mkono, akachelewa kidogo kuinuka.

Na Asmahan hakuagana naye kwa lolote zaidi ya kumtazama. Walisimama hatua mbili mbali, wenye matope hadi magotini, wakatazamana kama watu waliofika mahali baada ya kutembea sana. Alimwambia ile alama ya pili baada ya kilele imeelemea upande. Rashad akasema kesho ataisimamisha.

Basi likaondoka, likateremka barabara kuelekea mtoni. Nyumba ya Rashad ilikuwa ng'ambo, hivyo njia yao ilikuwa moja, na kwenye daraja magari yalikuwa yamefungana kama kila Jumamosi. Asmahan alipotazama dirishani alimwona anakimbia kwenye njia ya waenda kwa miguu, usawa wa basi, koti la kazi wazi, raba zikirusha tope. Hakuwa anamfukuza mtu. Alikuwa anarudi nyumbani kwake, na kwa furaha hakuweza kutembea tu.

Mzee Jaffar alimwona pia. Alitazama mbele kwanza, kwa heshima ya umri wake, kisha akatazama tena. "Anakimbia vizuri," alisema. Akamwinamia binti yake, akapangusa kioo kwa kiganja cha mkono, na akaanza kumpungia yule kijana, taratibu, kama anavyopungiwa mtu wa nyumbani.

Asmahan alicheka kwa sauti, kicheko kilichowafanya wanawake wawili wa kiti cha mbele wageuke. Baba yake naye aligeuka akamtazama, na mkono wake ukabaki pale kwenye kioo, umesahau kupunga.